Hotuba ya Bwana Elvis Kenga Akizindua Nguzo za Pagola ya Zahanati

(Ilitolewa katika ua wa nyuma wa zahanati ya mama na mtoto, Mji wa Kale, Mombasa, siku ya kwanza kati ya siku mbili za chanjo ya surua. Akina mama walikuwa wameketi juani juu ya sakafu ya mbao, watoto mapajani. Meza kuu ilikuwa na miavuli.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe. Mwakilishi wa Mheshimiwa aliyetarajiwa kuwa Mgeni Rasmi kabla yangu. Mwakilishi wa Mwakilishi huyo, maana naambiwa naye amepata dharura. Mabibi na mabwana wa Kamati Kuu ya Vivuli, Vibaraza na Sehemu za Kungojea, ambayo mimi ni Mwenyekiti wake, Katibu wake wa muda na Msemaji wake wa kudumu. Bwana Naibu Mwenyekiti, ambaye suti yake leo imependeza sana. Mashekhe na wachungaji. Wazee wa mtaa. Sista Winnie, muuguzi mkuu wa zahanati hii, ambaye angeketi kama si hizo sindano alizoshika. Bi Nana, jirani wa nyumba ya pili, ninayemwona pale dirishani juu ya ua wake. Mpiga picha, sogea upande wangu mzuri. Na nyinyi akina mama wapenzi, ambao mngekuja hata bila kualikwa kwa sababu leo ni siku ya chanjo: itifaki yote imezingatiwa, na isiyozingatiwa inisamehe.

Assalaam aleikum! (Baadhi waitikia.) Bwana asifiwe! (Baadhi ya waliobaki waitikia.) Maendeleo oyee! (Kimya. Mtoto mmoja alia.) Ahsante mtoto, nimekupata.

Ndugu zangu, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha kubwa, furaha ambayo kama ingekuwa na uzito basi hata hizo nguzo ninazokuja kuzizindua zisingeweza kuibeba, kuwatangazia kwa niaba ya Kamati, na kwa mujibu wa Mkakati Jumuishi wa Kivuli Endelevu, kwamba ule mradi wa kujenga pagola, yaani kile kivuli cha kisasa chenye nguzo na mihimili ya mbao, kilicho wazi pande zote na kitamu machoni, juu ya sakafu hii hii mnayoikalia, sasa umeingia rasmi katika awamu ya utekelezaji wa maandalizi ya mpango wa nguzo zake. (Makofi meza kuu. Mwavuli mmoja waanguka, wainuliwa.)

Labda wengine hamjui tulikotoka. Mimi naijua historia kwa kuwa nimeitengeneza. Hapa palikuwa na kibanda cha makuti. Nilipokuja kuzuru zahanati hii kwa mara ya kwanza niliona aibu, naapa. Nilikuta akina mama wameketi chini ya makuti, upepo unawapiga kwa raha zao, wanapiga soga, watoto wamelala fofofo, na nikajiuliza rohoni, hivi kweli ndivyo tunavyotaka kuonekana mbele ya wafadhili? Siku hiyo hiyo nikatoa amri makuti yashushwe, na nawaambia kwa fahari kwamba katika miradi yote ya Kamati hii hakuna uliotekelezwa kwa kasi kama ule wa kushusha makuti. (Makofi ya mtu mmoja.)

(Mama mmoja kijana, Mbodze, mwenye mtoto mgongoni na leso kichwani, apaza sauti: "Lakini Mheshimiwa, makuti yalikuwa na kivuli!")

Swali zuri, mama. Yalikuwa na kivuli, sikatai, lakini kivuli kile hakikuwa na viwango. Kilihamahama. Asubuhi kiko huku, alasiri kiko kule, hakina msimamo. Sisi tunataka kivuli kinachowajibika.

Na hatukukurupuka. Tulifanya fizibiliti stadi, tukaandaa semina, wokshopu na kongamano la wadau, tukahoji akina mama hapa hapa juani ili tupate takwimu zenye joto. Asilimia tisini na saba walisema wanahitaji kivuli kwa dharura. Asilimia tatu walikuwa wamelazwa ndani kwa kizunguzungu, nao tukawahesabu kuwa wanaunga mkono. (Sista Winnie atikisa kichwa.) Aidha, utafiti umebaini kwamba tangu makuti yashushwe, foleni ya kungojea katika zahanati hii imepungua kwa asilimia arobaini. Arobaini, ndugu zangu! Hata Ulaya hawajafika huko!

(Sista Winnie: "Imepungua kwa sababu wanaondoka, Mheshimiwa. Jua likiwashinda wanabeba watoto wao wanarudi nyumbani kabla hawajachanjwa. Na surua imeshaingia mtaani. Mimi nataka kivuli tu, wakae mpaka zamu yao ifike.")

Mmesikia? Sista amethibitisha takwimu zangu. Ahsante, Sista. (Minong'ono.)

Sasa nije kwenye moyo wa jambo, nao ni nguzo. Mtu asiyesoma atadhani kusimamisha nguzo ni kuchimba shimo ukaweka mti. Fikira hizo ndizo zilizoturudisha nyuma. Nguzo ni sera, nguzo ni falsafa, na kabla ya nguzo kusimama lazima kwanza tujiulize itasimama wapi, na hapo ndipo Kamati yangu ilipogawanyika pande mbili, ikagawanyika vibaya hadi watu wakawa hawanywi chai meza moja. Upande mmoja, ukiongozwa na Naibu wangu, ulishikilia kwamba nguzo zipigiliwe juu ya sakafu ya mbao, kwa kuwa sakafu ipo tayari na ni dhambi kuiharibu. Upande wa pili, ukiongozwa na mimi nikiwa sipendelei upande wowote, ulishikilia kwamba nguzo zitoboe sakafu zikafike ardhini kwenye msingi wa zege, kwa kuwa nguzo iliyosimama juu ya mbao tupu, siku ya upepo mkali wa kusi itaondoka na mbao zake na mama aliyeikalia. Tulibishana kwa hoja, tukabishana kwa sauti, na mwishowe tukabishana kwa ukabila kidogo, kisha tukaombana radhi.

Ikabidi twende safari ya mafunzo kujionea nguzo za wenzetu. Tulikwenda nje ya nchi, ujumbe mkubwa, tukaketi chini ya pagola za kila aina katika mahoteli ya kila daraja, tukanywa madafu yao ambayo nawahakikishia hayafui dafu mbele ya yetu, na tukarudi na msimamo wa pamoja ambao umesifiwa na kila mjumbe aliyeutunga. Msimamo wenyewe ni huu: ili kulinda umoja wa Kamati, nguzo hazitasimama juu ya sakafu wala hazitapita chini yake. Zitaning'inia kutoka kwenye paa. (Meza kuu yapiga makofi kwa muda mrefu.)

(Mzee mmoja aliyeegemea ukutani: "Na paa litashikwa na nini?")

Paa litashikwa na nguzo, mzee wangu. Ndiyo maana ya mradi jumuishi.

Kulikuwa pia na suala la nguzo ya tatu, ambayo kwa mujibu wa ramani yetu iliangukia katikati ya kisima kile cha zamani pale pembeni. Wataalamu wasio na subira walipendekeza ramani ibadilishwe. Nikakataa katakata. Ramani ilipigwa mhuri, kisima hakina mhuri. Tumekiandikia kisima ilani ya kuhama, na mpaka leo asubuhi hakijajibu. (Vicheko. Msemaji asubiri vitulie, akidhani ni pongezi.)

Basi mtaniuliza, Mheshimiwa, mbona hatuoni hata nguzo moja? Mnayo haki ya kuuliza, nami ninayo haki ya kuwajibu kwa urefu. Sababu si uzembe. Sababu ni heshima. Mimi nimekulia Pwani hii, baba yangu alitoka Kaloleni kuja kufanya kazi bandarini, na Mji wa Kale huu najua mila zake pengine kuliko waliozaliwa humu. Nyumba zimebanana, ua wa huyu umepakana na ua wa yule, na bibi zetu wakiwa ndani mwa ua wao huvua buibui wakakaa walivyo. Kwa hiyo fundi hapandi ngazi wala dari bila ya kupiga hodi kwanza, apaze sauti, "Hodi, napanda juu!", asubiri wajistiri, aitikiwe, ndipo apande. Ni ada nzuri. Ni ada ya watu waungwana. Na Kamati yangu ni ya waungwana watupu.

Basi fundi wetu, Fundi Jamaldin, yule pale mwenye kofia, alikuja kupima urefu wa nguzo. Akaegemeza ngazi kwenye ukuta wa Bi Nana. Akapiga hodi kama inavyotakikana. Na kutoka upande wa pili, mabibi na mabwana, ikatoka sauti ya mama yetu mheshimiwa Bi Nana ikisema, nanukuu: "Ngoja kwanza!" Mwisho wa kunukuu.

(Watu wamgeukia Bi Nana dirishani.)

Mtu mwingine angepuuza. Mimi sikupuuza. Fundi aliporipoti ofisini kwamba ameambiwa angoje, niliitisha kikao cha dharura, tukaichukua ile ngoja, tukaisajili kuwa pingamizi rasmi la jirani, tukasimamisha shughuli zote, tukaondoa ngazi, tukaunda Kamati Ndogo ya Mila, Desturi na Ngoja, na kwa kuwa katika kumbukumbu zetu zote hakuna mahali ambapo Bi Nana ameiondoa ngoja yake, mradi umekaa pale pale kwa utulivu na nidhamu. Kama kuna wa kulaumiwa kwa jua hili, na mimi si mtu wa kulaumu, basi tuelekeze macho yetu taratibu kwenye lile dirisha.

(Bi Nana afungua dirisha lote, leso yake kifuani: "Ati nini? Wewe Elvis, mwanangu, wanisingizia mbele ya watu? Mimi nalikuwa nimetia hina kitwani! Nalimwambia angoje nijifunike, basi. Natoka kumwambia haya, panda baba, fundi hayuko, ngazi haiko! Mwaka mzima mimi nawangoja nyinyi, kumbe nyinyi mwaningoja mimi?" Kelele kubwa. Mbodze acheka hadi mtoto aamka.)

Utulivu, utulivu. Bi Nana, shikamoo yako mama yangu. Maelezo yako nimeyapokea, lakini kuna utaratibu wa...

(Bi Nana: "Marahaba, na utaratibu wangu ni huu. Mwanisikia nyote? Leo mbele ya mashekhe na wachungaji nasema: pandeni! Pandeni hata sasa! Watoto wa watu wanachomeka!")

...utaratibu wa kuwasilisha maelezo hayo katika nakala sita, ili Kamati Ndogo iyajadili katika kikao chake cha kawaida, ambacho hakijapangwa.

(Jefwa, bawabu wa zahanati, anong'onezana na Fundi Jamaldin. Watoka wote wawili kwa lango la nyuma.)

Naona watu wawili wanatoka. Ni kawaida, hotuba nzito huhitaji mapumziko. Naendelea. Nataka kuzungumzia mihimili, ambayo itakuwa ya mbao ngumu iliyokaushwa kitaalamu, si boriti hizi mlizozoea ambazo zimeshika nyumba za mji huu miaka nenda miaka rudi bila hata cheti kimoja cha ubora. Nataka kuzungumzia skrubu, ambazo zitakuwa za chuma kisichoshika kutu kwa chumvi ya bahari. Nataka kuzungumzia maua yatakayotambaa juu, ambayo tumeshayaundia bodi. Nataka...

(Jefwa na Fundi Jamaldin warudi na vijana wa mtaa. Wamebeba turubai la mtaa, lile linaloazimwa kwa harusi na matanga, pamoja na kamba na fito ndefu. Fundi aegemeza ngazi ukutani. "Hodi! Napanda juu!" Bi Nana: "Panda, baba! Nimejifunika!")

...Ndugu zangu, mbele kuna vurugu kidogo. Bwana fundi, unafanya nini? Kazi hiyo haijatangazwa. Hakuna aliyekuidhinisha kupanda!

(Fundi Jamaldin, akifunga kamba kwenye nondo za dirisha la Bi Nana: "Nimeidhinishwa na mwenye ukuta, Mheshimiwa." Upande mmoja wa turubai wainuka. Upande wa pili hauna pa kufungwa. Jefwa agawa fito kwa walio karibu, na wengi wa walio karibu ni meza kuu. Mzee wa ukutani ashika mmoja. Shekhe ashika mmoja. Mchungaji ashika mmoja. Naibu Mwenyekiti, suti yake na tai yake, ajikuta ameshika wa nne, umesimama juu ya sakafu ya mbao.)

(Turubai lakunjuka. Kivuli chashuka juu ya akina mama wote kwa mara moja. Watoto waliokuwa wakilia wanyamaza mmoja baada ya mwingine. Sista Winnie apangusa macho kwa mkono wa koti lake.)

(Msemaji atazama juu, atazama mpiga picha, avuta pumzi.)

Mabibi na mabwana! Kama nilivyokuwa nimepanga tangu mwanzo, na kama mlivyojionea kwa macho yenu, Awamu ya Kwanza imekamilika! (Vicheko na miluzi.) Mnahisi hewa hiyo? Ni sera hiyo! Mnaona watoto walivyolala? Ni uongozi huo! Wako waliosema Kenga ni maneno matupu, na leo kabla sijamaliza hata maneno yenyewe kivuli kimesimama! Naibu Mwenyekiti, simama wima, picha hii ni ya historia. Na ninyi wajumbe angalieni, ule mjadala uliotutenganisha kwenye chai leo umepata suluhu, kwa kuwa Naibu wangu amesimama juu ya sakafu kama alivyotaka yeye, na uzito wake wote unakwenda ardhini kama nilivyotaka mimi.

(Naibu Mwenyekiti: "Mheshimiwa, huu ufito ni mzito." Msemaji: "Ni mzigo wa taifa, ndugu yangu.")

Kabla sijaketi naomba tuseme pamoja. Nikisema "Kivuli", semeni "Chetu". Kivuli! (Akina mama: "Chetu!") Nikisema "Nguzo", semeni "Imara". Nguzo! (Wote: "Ziko wapi?") Imara! Semeni imara! Nguzo! ("Ziko wapi?") Inatosha, tumeelewana.

Yamebaki shukrani, na mimi si mtu wa kusahau fadhila. Namshukuru mhandisi wa mradi huu, ambaye siku tukimpata tutamwajiri. Nawashukuru wauzaji wa mbao, ambao siku tukiwa na mradi tutawatembelea. Nawashukuru wafadhili kwa moyo wao mkubwa, na nitawashukuru zaidi watakapojulikana ni akina nani. Nalishukuru pia Fungu la Vivuli katika makadirio ya mwaka huu, na ninaliombea mwakani liwemo. Na kuhusu mfano wa pagola yetu, uliofunikwa kwa kitambaa hiki cha buluu mbele yangu, na ambao mpiga picha amekuwa akinisihi niufunue tangu tulipoanza, nawaomba radhi kwamba sitaufunua, kwa kuwa chini ya kitambaa hiki kuna meza.

(Mbodze asimama taratibu, asimwamshe mtoto: "Kwa hivyo Mheshimiwa, pagola haipo?")

Mama yangu, tuzungumze kama watu wazima. Pagola haijawahi kuwepo. Kilichokuwepo ni uzinduzi wake, nao mmeuhudhuria nyote.

("Na makuti yetu?")

Makuti yalikuwepo. Hilo hata mimi siwezi kulikana.

(Jefwa: "Samahani Mheshimiwa, nikukumbushe. Hili turubai ni la mtaa, na kesho asubuhi linakwenda mtaa wa Bondeni. Kuna harusi.")

Najua sana habari ya harusi hiyo, bwana Jefwa, nimealikwa. Kwa hiyo akina mama wapenzi msiwe na wasiwasi, kesho turubai lenu litakuwa katika mikono mema, nitalisimamia mimi mwenyewe nikiwa chini yake. Na wale ambao watoto wao hawajachanjwa, njooni kesho kama kawaida, mje na mitandio mizito, na mkumbuke kwamba mnachokalia si jua tu, ni eneo rasmi la mradi. Ahsanteni kwa kunisikiliza, Mungu awabariki, na walinzi waniletee gari mpaka langoni kwa sababu kutoka hapa mpaka barabarani hakuna kivuli.

(Hakupigiwa makofi. Sista Winnie alikuwa ameshasimama mbele ya sakafu na kuwaita akina mama wasogee, yule aliyekuwa wa kesho aje leo, na aliyerudi nyumbani asubuhi aitwe na jirani yake sasa hivi, maana turubai likishushwa hakuna kivuli tena. Gari likaondoka. Watoto wakachanjwa mmoja mmoja, na foleni ikazidi kurefuka kila habari ilivyozidi kuenea vichochoroni. Baadaye Naibu Mwenyekiti, jasho likimtiririka ndani ya suti, akauliza kwa upole kama sasa anaweza kuachilia ufito.)

(Bi Nana akamjibu kutoka dirishani: "Shika hapo hapo, baba. Mpaka mtoto wa mwisho.")